Nzuri, Ila

Kila asubuhi Bi Hajra hufagia uwanja wake wote, hata upande ambao tangu jana hakupita mtu. Ni mazoea tu. Zamani uwanja ule ulikuwa na sababu ya kufagiwa. Kulikuwa na mume, marehemu Mzee Omary. Kulikuwa na watoto watatu, wajukuu wa likizo, na mashemeji wasiojua kuaga. Ukipita kijijini Kibuta ukasikia watu wanabishana na kucheka kwa wakati mmoja, ulijua hapo ni kwa Hajra. Majirani walikuwa wakisema mlango wa nyumba ile haujui kufungwa.

Siku hizi unafungwa mapema. Mzee Omary alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti mkubwa ameolewa Mwanza, wa pili yuko Dodoma. Wa mwisho, Husseini, amepata kazi ya kiwandani Kwala, na analala hukohuko. Ijumaa hupiga simu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Nyumbani wote wazima?"

"Wazima."

Wote hao ni yeye na kuku wawili.

Kilichokuwa kinamtoa Bi Hajra nyumbani ni Kikundi cha Hodi. Ni kikundi cha watu sita, wote wa Kibuta. Kazi yao ni kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Wazee wenyewe ni thelathini na wanne. Mzee mmoja anapelekewa maji, mwingine anakumbushwa dawa, mwingine anahitaji mtu wa kuzungumza naye tu. Bi Hajra ndiye katibu. Yeye ndiye aliyekuwa akitunza kaunta buku, lile daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila ziara iliandikwa humo: jina, tarehe, hali.

Daftari lilikuwa na taabu zake. Mvua ililinyeshea mara mbili. Kila mwisho wa mwezi afisa ustawi wa jamii alitaka taarifa, na Bi Hajra alikaa siku mbili akihesabu mistari kwa kidole. Akikosea, anaanza upya.

Ndipo akaja Silvanus.

Silvanus ni kijana wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Sumbawanga, mpangaji wa Maili Moja, Kibaha. Siku za kazi anaamka alfajiri kwenda ofisini Dar, ambako anatengeneza programu za kompyuta. Yeye na wenzake wa fani hiyo wana utaratibu wao. Kila mmoja anachagua kikundi kimoja kinachosaidia watu, anakipa Jumamosi zake. Hawalipwi. Afisa ustawi ndiye aliyemwelekeza kwa Bi Hajra.

"Shikamoo, mama," alisema siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Utakunywa chai?"

"Asante mama, nawahi. Kwenye hilo daftari huwa mnaandika nini?"

"Hali za wazee."

Silvanus akalifungua ukurasa wa kwanza. Akaona safu tatu: jina, tarehe, hali. Akalifunga.

"Hii ni kazi ndogo," alisema.

Baada ya wiki tatu alirudi na simu tatu zilizotumika, walizochanga wenzake. Ndani ya kila simu aliweka fomu. Unachagua jina la mzee. Tarehe inajiandika yenyewe. Kisha simu inauliza: Hali ya mzee leo? Majibu ni mawili, Nzuri au Mbaya. Ukigusa Nzuri, jina la mzee linapata alama ya kijani. Ukigusa Mbaya, linapata nyekundu. Taarifa ya mwezi inatoka yenyewe.

Wanakikundi walifurahi. Aliyefurahi kuliko wote ni Mwishehe, fundi baiskeli mwenye umri kama wa Bi Hajra. Huyu Mwishehe ana moyo safi na mdomo usiofungika. Habari ukimpa saa mbili asubuhi, saa nne utaisikia dukani imeongezwa chumvi.

"Katibu," alimwambia Bi Hajra, "leo nimemaliza wazee saba kabla ya adhuhuri. Dakika mbili mbili. Namuuliza, ananijibu, nabonyeza, naondoka. Na wote wazima. Kijani tupu."

"Wote saba?"

"Wote. Wazee wa siku hizi wana afya kuliko mimi."

Bi Hajra naye aliipenda kasi ile, lakini nusu tu. Kazi iliyokuwa ikiisha alasiri sasa ilikwisha saa tano. Na baada ya saa tano ulibaki mchana mzima, na nyumba ya vyumba vinne.

Jumanne moja alifika kwa Bi Rukaya. Bi Rukaya ana miaka zaidi ya themanini, na anaishi peke yake upande wa bondeni. Alikuwa amekaa kizingitini, mguu mmoja ameufunika na khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Hajra. Umekuja, mwanangu."

"Nimekuja. Hali yako?"

"Nzuri."

Bi Hajra akagusa Nzuri. Simu ikazungusha kile kiduara chake, mtandao ukasuasua. Akainua simu juu, akaishusha, akasogea uani kutafuta mtandao. Nyuma yake Bi Rukaya alisema kitu.

"Umesemaje, mama?"

"Basi. Naona una kazi."

"Imeshakwenda. Nina wazee wengine watatu. Nitakuja, eti?"

"Haya, mwanangu."

Jumanne iliyofuata akaenda Mwishehe. Kijani. Jumanne ya tatu akaenda tena Bi Hajra. Alipiga hodi, hakuitikiwa. Akaingia.

Bi Rukaya alikuwa chini, kando ya kitanda, midomo imekauka. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba hadi gotini na unanuka. Alikuwa amechomwa na msumari kabla ya ile Jumanne ya kwanza. Tangu hapo alishindwa kwenda bombani. Alikuwa akinywa maji ya ndoo moja, kidogo kidogo, mpaka yakaisha.

Walimpeleka hospitali Kisarawe mjini siku ileile. Daktari aliuchunguza mguu, kisha akamtoa Bi Hajra nje.

"Wewe ni mwanawe?"

"Hapana. Namtembelea."

"Kidonda hiki kina wiki tatu. Tutapambana nacho. Lakini sumu ikipanda, mguu tutaukata, na kwa umri wake sijui kama atahimili. Kwani nyumbani hakuna aliyemwona?"

Bi Hajra alifungua simu. Kwenye simu, jina la Bi Rukaya lilikuwa na alama mbili za kijani. Moja aliiweka kwa kidole chake mwenyewe.

Alirudi wodini akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Bi Rukaya alimtazama bila hasira.

"Nilianza kukwambia. Ukaangalia simu."

Balaa halikuishia hapo. Siku ile ya kumbeba mgonjwa, Mwishehe alipiga picha ya mguu. Aliituma kwenye grupu la kikundi, ili wenzake wajue. Kutoka grupu la kikundi ikaenda grupu la kijiji, na kutoka hapo haikujulikana tena inakokwenda. Mpwa wa Bi Rukaya akaiona huko Mbagala, Dar.

"Mguu wangu umefika Mbagala kabla yangu," alisema Bi Rukaya. Akageukia ukutani.

Siku zile Bi Hajra hakwenda kwa mzee mwingine yeyote. Asubuhi alikwenda hospitali, alasiri alirudi akafunga mlango. Alipika ugali, akausahau mezani. Husseini alipopiga simu Ijumaa, akamuuliza kama wote wazima, alijibu wazima. Alipokata simu alikaa nayo mkononi, akisikiliza kuku wanavyoparua nje.

Kisha akampigia Silvanus.

"Jumamosi njoo uchukue simu zako."

Silvanus alikuja. Alishuka basi Kiluvya, akachukua bodaboda, akafika na vumbi hadi kwenye kope. Mezani alizikuta simu tatu ndani ya mfuko, mfuko umefungwa fundo. Bi Hajra alimweleza yote, na hakumpunguzia hata neno.

Kijana aliuvuta mfuko karibu yake.

"Nitazichukua," alisema. "Kabla sijaondoka, mama, naomba unipeleke kwa wazee watatu. Tuende bila simu. Mimi sitasema kitu."

Walishika njia. Bi Hajra ndiye aliyeanza kuuliza.

"Kibaha unakaa na nani?"

"Na feni."

"Huna mtu?"

"Mwaka wa nne sasa. Wenzangu wapangaji wananiita yule wa chumba cha mwisho."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Bilali, mkulima wa mihogo aliyebaki peke yake tangu mkewe afariki. Aliwatandikia mkeka.

"Habari za hapa, baba?" Bi Hajra aliuliza.

"Nzuri."

"Za tangu juzi?"

"Nzuri tu."

Bi Hajra alikaa. Mzee Bilali alizungumza habari za mvua. Akaja kwenye mihogo yake, na nguruwe pori walioichimba. Akamlaumu jirani ambaye mbwa wake habweki. Silvanus aliangalia saa yake mara mbili. Kisha mzee akashusha sauti.

"Nzuri tu, mwanangu. Ila tangu Alhamisi jicho hili la kushoto naona kama limefunikwa chandarua."

Nyumba ya pili mambo yalikwenda vilevile. Ya tatu vilevile. Nzuri, salama, alhamdulilahi. Kisha maneno ya kupoteza wakati. Kisha ila.

Waliporudi, Silvanus aliomba lile kaunta buku. Safari hii alikaa chini kabisa, akakubali chai, akasoma. Bi Hajra alimwona anapitisha kidole kwenye mistari kama yeye alivyokuwa akifanya.

"Nzuri, ila goti," Silvanus alisoma kwa sauti. "Nzuri, ila dawa ya presha imeisha. Nzuri, ila paa linavuja upande wa kitanda. Nzuri, ila hajaongea na mtu tangu Ijumaa. Mama, karibu kila mstari una ila."

"Ndiyo. Si ndiyo hali zenyewe?"

"Mimi nilisoma vichwa vya safu. Mistari sikuisoma." Akaweka daftari mezani. "Nimepima kwa saa. Kwa Mzee Bilali, ila ilikuja baada ya dakika kumi na moja. Fomu yangu inakwisha kwa dakika mbili."

"Na mimi nina kosa," alisema Bi Hajra. "Nilidhani unajua. Kila mtu anajua. Mtu akiulizwa hali hasemi mbaya. Hata aliyefiwa asubuhi anakujibu nzuri, ndipo anakwambia ila tuna msiba."

"Hata kwetu Sumbawanga ni hivyohivyo. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyojibu. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nikasahau. Kompyuta haijui adabu, mama. Ukiiambia nzuri, inaamini."

Bi Hajra alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Bibi wa watu atakatwa mguu, Silva."

"Najua. Ndiyo maana sitaki kuondoka na mfuko huu tu. Nikiondoka, mtarudi kwenye daftari, na daftari nalo lina shimo lake. Jicho la Mzee Bilali ukishaliandika humu, nani analifuata?"

Bi Hajra alilivuta daftari. Alikumbuka paa linalovuja upande wa kitanda. Liliandikwa mara nne, na tarehe nne mbalimbali.

"Ningekuwa nimefanya kazi sawasawa," Silvanus aliendelea, "ningekaa nanyi Jumamosi mbili kabla ya kugusa kompyuta. Kwanza nijue kazi yenu. Chombo baadaye. Halafu ningejaribu kwa wazee watano, niwaulize nyie na wao kimeharibika nini, nirekebishe. Mimi nilitengeneza peke yangu chumbani, nikaleta kwa wote thelathini na wanne siku moja."

"Na sisi?"

"Nyie mngenigombeza. Mtu wa kujitolea si mgeni wa heshima, mama. Akikosea, mwambieni."

"Haya. Siku ya kwanza ulikataa chai yangu. Tuanzie hapo."

Jumamosi tatu zilizofuata Silvanus hakuja na kompyuta. Alikaa kwenye mikeka. Jumamosi ya nne aliita kikundi chote sebuleni kwa Bi Hajra. Kwa mara ya kwanza tangu arobaini ya Mzee Omary, viti vilipungua, watu wakakaa chini.

Fomu mpya ilianza na swali hili: Mzee amekubali tuandike habari zake? Akikataa, mnazungumza tu, haandikwi.

"Habari za mzee ni zake," Silvanus alieleza. "Anayemtembelea atazijua, na daktari kama mzee ameruhusu. Grupuni haziendi. Picha vilevile."

Wote wakamgeukia Mwishehe. Naye aliangalia vidole vyake.

"Nimeshakwenda hospitali kumwomba radhi," alisema. "Ameniambia nikitaka picha nyingine, niuchukue na mguu wa kushoto, usione wivu."

Baada ya swali lile, fomu iliuliza hali. Ukijibu nzuri, haikukubali kufungwa. Ilitoa kisanduku kimoja kilichoandikwa ILA. Humo unaandika maneno ya mzee, au unayarekodi kwa sauti. Kisha inauliza: Nani ataenda? Lini? Lazima liwepo jina la mtu na siku. Jina la mzee linakuwa njano, na linabaki njano mpaka mtu huyo aseme kazi imekwisha.

"Simu ikae mfukoni," Silvanus alisema. "Mnaandika mkishatoka. Kama hakuna mtandao, inatunza, itatuma baadaye. Hakuna kuhangaika uani. Daftari nalo libaki, siku simu ikifa. Na neno la siri la kufungulia kumbukumbu zote mtalijua wawili, katibu na Mwishehe."

"Mwishehe?" aliuliza mmoja. "Neno la siri?"

Nyumba nzima ikacheka, na Mwishehe mwenyewe akacheka.

"Nipeni. Mjue ndilo neno la kwanza nitakalokufa nalo."

Silvanus akasema wajaribu wenyewe kwa wenyewe kabla ya kwenda kwa wazee. Mwishehe akavuta mkeka hadi mbele ya Bi Hajra.

"Habari za nyumbani, dada Hajra?"

"Nzuri."

Mwishehe alisubiri. Alizungumza habari za baiskeli. Alizungumza habari za harusi ya jirani, nani alialikwa na nani alijialika. Kisha akanyamaza. Kunyamaza kwa Mwishehe si jambo la kawaida, na pengine ndiko kulikomponza Bi Hajra.

"Nzuri," alirudia. "Ila nyumba imekuwa kubwa."

Watu hawa walimfahamu miaka yote, walikula kwake, watoto wao walilala kwake. Tangu msiba walikuwa wakimsalimia barabarani, akijibu nzuri, nao wakiamini. Mwishehe aliandika polepole kwa kidole kimoja. Fomu ikauliza nani ataenda, lini. Akaandika: Mwishehe na mkewe, Jumapili, chakula cha mchana.

"Hili ni jaribio tu," alisema Bi Hajra.

"Halifungiki bila jina," alijibu Mwishehe. "Muulize Silva."

Kikundi kilianza na wazee watano, kisha kumi na wawili, kisha wote. Wiki ya kwanza ya wote, majina kumi na tisa yaligeuka njano. Mwishehe aliingiwa na hofu.

"Katibu, wazee wote wameumwa ghafla."

"Hawakuumwa ghafla. Tumewasikia sasa."

Mzee Bilali alipelekwa kliniki ya macho. Aliambiwa ni mtoto wa jicho, akapangiwa upasuaji. Paa lililoandikwa mara nne lilizibwa, kwa sababu safari hii lilikuwa na jina la mtu na siku. Taarifa ya mwezi ilikwenda kwa afisa ustawi siku ileile ilipohitajika. Ziara zilirudi kuwa ndefu, na Bi Hajra akawa anafika nyumbani alasiri, miguu imechoka.

Mguu wa Bi Rukaya haukukatwa. Alikatwa vidole viwili, akakaa wodini wiki saba, akatoka na mkongojo. Siku ya kumchukua, Bi Hajra alikuwa ametandika kitanda katika chumba kimoja kati ya vile vitatu vilivyobaki vitupu.

"Njoo ukae kwangu, mama."

"Nashukuru, Hajra. Nipeleke kwangu."

"Peke yako?"

"Ndiyo. Kwangu ni kwangu. Nimezika watu wangu watatu pale."

Bi Hajra hakubishana. Alimpeleka, akamjazia ndoo zote, akarudi kwake na kukiacha kile kitanda kama alivyokitandika. Mwishehe na mkewe walikuja Jumapili na Jumapili iliyofuata. Siku nyingine hakuna aliyekuja. Ndivyo ilivyokuwa, na bado ndivyo ilivyo.

Lakini Jumanne ni ya Bi Rukaya. Jumanne iliyopita Bi Hajra alifika asubuhi. Aliteka maji, akabadili kitambaa cha kidonda, akaketi kizingitini. Walizungumza mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba.

"Habari zako sasa, mama?"

"Nzuri," alisema Bi Rukaya.

Bi Hajra alisubiri.

"Nzuri. Ila wewe unakaa mno siku hizi. Sipati hata nafasi ya kulala mchana."

Bi Hajra hakuinuka. Alipoondoka alasiri, alisimama njiani, akatoa simu, akayaandika maneno yale kama yalivyosemwa. Fomu ikauliza nani ataenda, lini. Akaandika: Hajra, Jumanne. Jina la Bi Rukaya likageuka njano.